Binti anataka farasi, mdogo wake tayari yuko juu ya punda

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Ipagala, Dodoma. Binti yangu ana miaka 9, mdogo wake wa kiume ana miaka 5. Sikukuu iliyopita binti alipandishwa farasi, akazungushwa mara mbili tu, na tangu siku ile hana habari nyingine. Kijana mmoja anayefuga farasi wawili nje kidogo ya mji anasema anaweza kumfundisha kila Jumamosi. Baba yao hataki kusikia. Anasema farasi ataniulia mtoto, na kama ni kupanda basi akapande punda wa babu yake Mvumi, kwani mdogo wake anawapanda likizo zote na hajapata hata mchubuko. Nimebaki katikati. Nani kati yetu yuko sahihi, na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu. Umeniuliza habari za binti, lakini aliyenishtua ni mdogo wake.

Binti bado hajaanza, na ana mama anayeuliza kabla. Huyu wa miaka 5 yuko juu ya punda asiye na tandiko, peku, kichwa wazi, mtu mzima wa karibu labda yuko kisimani au jikoni, na ukoo mzima unaona ni mchezo kwa sababu punda ni mnyama wa nyumbani. Katika miaka yangu ya kutibu mifugo mkoani hapa nimekutana na watoto wengi walioumizwa na punda kuliko walioumizwa na farasi. Hiyo haina maana kwamba punda ni mkali zaidi. Farasi hapa kwetu ni wa kuhesabu kwa vidole, na punda yuko karibu kila boma. Kutopata mchubuko mpaka leo ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini usilifanye kuwa ushahidi.

Kwa hiyo baba yao amesema kweli nusu. Farasi ni hatari kubwa zaidi mtoto akianguka. Mnyama mzima ana kilo 400 hadi 500, mgongo wake uko juu kama mita moja na nusu, na kichwa cha mtoto aliyekaa pale kinapita mita mbili kutoka ardhini. Akishtuka anakimbia, na mbio zake hakuna binadamu wa kuzifuata kwa miguu. Punda wetu wengi hawafikii kilo 200, mgongo uko kama mita moja, na akiogopa kwa kawaida husimama kwanza aangalie. Mpaka hapo baba yuko sahihi. Alipokosea ni kudhani kwamba kwa sababu punda ni mfupi na tumemzoea, basi hahitaji mtu mzima, kofia wala mafunzo.

Kuna sababu sisi wa kanda ya kati hatuna mazoea na farasi. Mbung'o na nagana, yaani ugonjwa wanaoueneza, kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, ambao farasi wengi wakiupata hawaponi ilhali punda kwa kawaida huuvumilia. Punda alianza kufugwa hapa hapa Afrika zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na farasi alikuja baadaye kama mgeni, akifa kwa maradhi ambayo punda ameyazoea. Ndiyo maana nyumbani kwenu hakuna bibi wa kukwambia farasi akilaza masikio nyuma maana yake ni nini. Lakini kwa punda bibi yupo, na mengi anayoyajua yanafaa kwa wote wawili. Mwanzo wa binti yako uko huko, na mwezi wa kwanza ningependa usiwe wa kupanda kabisa.

Wote tumekua tukiambiwa fadhila ya punda ni mateke. Methali hiyo inafaa kwa binadamu wasio na shukrani, lakini kwa punda mwenyewe ina uongo, na uongo wake unaumiza watoto. Punda hapigi teke kwa utovu wa fadhila. Teke ni neno la mwisho baada ya maneno mengi ambayo hakuna aliyeyasikia. Kwanza hulaza masikio nyuma. Kisha hukunja ngozi ya pua, hukaza mdomo, hutingisha au hubana mkia. Hugeuza makalio yaelekee kwako. Hunyanyua mguu wa nyuma kidogo, kama anayepima. Mtoto aliyefundishwa kuyaona hayo ataondoka mapema, na mtoto aliyefundishwa kwamba punda ni mkaidi wa kuchapwa fimbo ataongeza fimbo.

Mara nyingi ukimchunguza punda anayepiga mateke utakuta anaumwa. Inua tandiko lake la kubebea madumu uangalie mgongo na mbavu. Dumu la lita 20 ni kilo 20, manne ni 80, na juu ya hayo nimeona mtoto amepakiwa, maana amechoka kutembea. Mnyama yule ana kidonda kilichochimbika chini ya gunia, na mtoto akikaa juu ya kidonda anarushwa. Punda mzima mwenye afya asibebe mtu anayezidi kilo 50 hivi, na mwenye kidonda asibebe mtu yeyote mpaka kipone. Mwambie babu hilo kwa heshima, lakini mwambie.

Jambo la pili la kumfundisha binti ni macho. Punda na farasi wana macho pembeni ya kichwa, kwa hiyo wanaona karibu pande zote kwa mara moja, isipokuwa mahali pawili: mbele kabisa ya paji la uso, na nyuma ya mkia moja kwa moja. Mtoto huwa anapenda hizo sehemu mbili, huku akitaka kubusu pua na huku akipita chini ya mkia kufuata mpira. Mwambie amkaribie mnyama kwa pembeni, usawa wa bega, akiongea. Aguse shingo au bega kwanza, asianzie usoni. Akitaka kwenda upande wa pili, azunguke mbali kiasi kwamba mguu haumfikii, au apite akiwa amegusa mwili wa mnyama muda wote ili mnyama ajue alipo. Hatua ile ya katikati ndiyo mbaya: karibu vya kutosha kupigwa, mbali vya kutosha teke kupata nguvu.

Asikimbie, asipige kelele nyuma yao, asipite chini ya tumbo. Kwa punda dume ningeongeza ukali zaidi. Jike likiwa kwenye joto hapo jirani, dume lisiguswe na mtoto hata kama kila siku ni pole kama kondoo. Jike lenye mtoto mchanga nalo liachwe.

Sasa kamba. Hapa naomba unisikilize kuliko popote. Binamu yangu, tukiwa wadogo Kongwa, alikuwa anamrudisha punda kutoka kisimani, na ili mikono yake iwe huru alijifunga kamba kiunoni. Mbwa alitokea kwenye kichaka cha migunga. Punda hakuenda mbali, pengine hatua mia, lakini zile hatua mia binamu yangu alizipita akiburuzwa juu ya mawe na miiba. Aliishi. Mgongo wake mpaka leo una alama, na mimi nilikuwa nyuma yake nikishuhudia bila kuweza kitu. Kamba isizungushwe mkononi, isifungwe kiunoni, isiwekwe shingoni. Inakunjwa na kushikwa kiganjani, ili vidole vikifunguka iwe imeachiwa. Na kile kitendo cha kumfunga mtoto mdogo juu ya punda kwa khanga ili asianguke, nakiona vijijini hata sasa, tafadhali kikome katika ukoo wenu. Mtoto anayeanguka akawa huru ana nafasi nzuri kuliko anayening'inia huku mnyama anakimbia.

Ni kwa sababu hiyo hiyo viatu vina uzito kwenye farasi. Tandiko la farasi lina vikuku, yaani zile pete za chuma za kuwekea miguu. Mguu ukipenya mzima ndani ya kikuku, mtoto akianguka atabaki amenasa kifundo na farasi anaondoka naye. Hakuna ajali ya kupanda inayonitisha kuliko hiyo. Kiatu kiwe cha kufunika mguu wote, chenye kisigino kidogo cha kuzuia mguu usipite, na soli isiyo na meno makubwa. Kikuku kiwe kipana kuliko kiatu kwa takriban sentimita 2 na nusu kwa jumla. Kandambili hapana, raba laini bapa hapana. Kama viatu havijapatikana, afadhali ajifunze bila vikuku kabisa, miguu ikining'inia, mtu mzima akimwongoza farasi kwa kamba. Walimu wazuri huanza hivyo hata viatu vikiwepo, kwa sababu mtoto hujifunza kukaa kwa mizani badala ya kusimamia vyuma.

Kofia ngumu ndiyo sehemu utakayotumia fedha, na sitakupunguzia hata shilingi. Itafutwe iliyotengenezwa kwa ajili ya kupanda farasi, yenye lebo ndani inayotaja kiwango kama EN 1384, VG1 au ASTM F1163. Ya baiskeli haikujengwa kwa kukanyagwa na kwato wala kwa kuanguka kutoka kimo kile, na wala haishuki vya kutosha kisogoni. Helmeti ya bodaboda ni nzito mno kwa shingo ya mtoto. Najua utakachoniuliza: je, mnadani Msalato, kwenye mitumba? Usinunue. Kofia hizi hufanya kazi kwa kupondeka ndani, na iliyokwisha kupata pigo moja inaweza kuonekana nzima kwa macho. Huwezi kujua huko ilikotoka ilianguka mara ngapi. Vivyo hivyo ya binti yako ikipata pigo la kweli, ibadilishwe siku hiyo.

Ikae usawa, vidole viwili juu ya nyusi, ukanda ukaze chini ya kidevu, na akitikisa kichwa ngozi ya paji isogee pamoja nayo. Nywele zilizosukwa na kufungwa fundo kubwa utosini huinyanyua, kwa hiyo zisukwe za kulala. Akivaa ushungi, uwe mwembamba chini ya kofia na ncha zake ziingizwe ndani ya nguo, zisipepee.

Utaniambia kofia ya aina hiyo kuipata hapa ni kazi, huagizwa. Basi farasi asubiri mpaka ifike. Kwa yule mdogo na punda nitakuwa mpole kidogo: kofia ya baiskeli inayomtosha, juu ya punda anayetembea polepole kwenye mchanga, akiongozwa na mtu mzima, ni bora kuliko kichwa wazi. Kwa farasi sikubali mbadala huo.

Turudi kwa kijana mwenye farasi wawili. Simjui, na sitaki umhukumu kwa mavazi wala kwa maneno matamu. Nenda Jumamosi ya kwanza bila mtoto. Kaa ukimtazama anavyofanya kazi na watoto wa wengine. Farasi wana nyama mgongoni au mbavu zinahesabika? Wana maji na kivuli? Ukifika karibu wanakunusa au wanalaza masikio? Anawafunga kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja? Mtoto anapopanda, farasi anasimama tuli au anaondoka kabla mguu haujakaa? Angalia uwanja: umezungushiwa, na uzio hauna seng'enge wala misumari iliyochomoza? Anapandisha mtoto mmoja, au wawili wawili ili foleni iishe? Anakagua mkanda wa tumbo kabla ya kila mtoto? Farasi wengi hujaza pumzi mkanda unapofungwa, kisha hulegea, na tandiko huzunguka likamwaga mtu. Anayejua hukaza, huongoza hatua chache, hukaza tena.

Kisha muulize swali moja: ni siku gani unakataa kumpandisha mtoto? Mtu anayejua kazi atakuwa na majibu hata kabla hujamaliza. Atakwambia siku za upepo mkali wa Agosti na Septemba, mabati yanapogonga na vumbi linapofunika uwanja. Siku farasi anapochechemea. Siku mtoto amekuja na homa au analia hataki. Siku kuna ngoma na spika jirani. Farasi wa Jeshi la Polisi unaowaona wametulia kwenye makelele wamefundishwa hivyo kwa muda mrefu, na wa kijana huyu huenda hawajafundishwa. Akikujibu kwamba hakuna siku anayokataa, mshukuru, rudi nyumbani.

Ukimkubali, mpangilio ninaoushauri ni huu. Wiki nne za kwanza, ardhini. Binti ajifunze kumpiga brashi, kumwongoza akitembea usawa wa bega lake na si mbele yake, kumsimamisha, kumtazama masikio. Binti anayependa kweli atafurahi, na aliyependa picha tu atachoka, nawe utakuwa umeokoa fedha. Baada ya hapo apande akiongozwa kwa kamba, mwendo wa kutembea tu, dakika 20 au 30, na mtoto wa miaka 9 akichoka misuli hulegea, hapo ashuke. Kukimbia kidogo kuje pale anapoweza kukaa, kugeuza na kusimamisha bila kushikilia hatamu kama kamba ya kuokolea maisha. Inaweza kuchukua miezi. Njia ya gari, hata ile ya vumbi, isikanyagwe na mwanafunzi. Honi moja ya bodaboda inatosha.

Wewe nawe uwepo. Usimwache akafundishwe huku ukienda sokoni, kwa usalama wa farasi na kwa usalama wa aina nyingine ambao kila mama anaujua. Lakini ukiwa pale, usipige ukelele kutoka kwenye uzio. Farasi husikia woga wako kabla mtoto hajausikia.

Tuje kwenye kuanguka, maana akipanda vya kutosha ataanguka. Akianguka, mnyama ashikwe kwanza na mtu mwingine, wewe nenda kwa mtoto. Usimnyanyue kwa kumvuta mikono. Mwache alale, ongea naye, mwulize yuko wapi, ni siku gani. Akilalamika shingo au mgongo, au ganzi miguuni, asisogezwe wala kofia isivuliwe, isipokuwa anashindwa kupumua; kichwa kishikwe kitulie mpaka msaada ufike. Akiwa amegonga kichwa, hata kama amesimama anacheka, hapandi tena siku hiyo. Ile desturi ya kusema arudi juu haraka ili asiogope ni nzuri kwa aliyekalia mchanga kwa makalio, kwa aliyegonga kichwa ni mbaya. Mwangalie saa 24 hadi 48. Kutapika tena na tena, usingizi usio wa kawaida, maumivu ya kichwa yanayozidi, maneno kuchanganyika, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, degedege, maji au damu puani au sikioni: hospitali papo hapo, usiku au mchana. Kwa Ipagala una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na ile ya Benjamin Mkapa. Kwa babu ipo Hospitali ya Mvumi. Jua tangu asubuhi ni gari la nani litakalompeleka.

Teke la tumboni linadanganya. Ngozi inaweza isiwe na alama, na ndani bandama au ini limepasuka. Mtoto akibadilika rangi, akatoa jasho baridi, tumbo likakaza au kuuma hadi begani, asipewe chai wala chakula, apelekwe. Na hapa nawaomba mabibi wote wa Mvumi na kwingineko: mtoto aliyepigwa teke tumboni au aliyeumia shingo asichuliwe. Mikono ile tunayoipenda, yenye mafuta ya moto, inaweza kumalizia pale teke lilipoishia.

Kidonda nacho kisidharauliwe. Waswahili hawakukosea kuuita ugonjwa ule pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha punda na farasi. Angalia kadi za kliniki za watoto wote wawili kama walipata zile chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, kisha muulize mhudumu wa kliniki kama wanahitaji ya kuongezea. Wakiumwa na punda au farasi, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali, kwa sababu wanyama hawa nao huweza kupata kichaa cha mbwa wakiumwa na mbwa mgonjwa.

Kwa baba yao, usiende na ushindi. Mwambie daktari amesema hofu yake ina msingi, na umuombe aje nawe hiyo Jumamosi ya kwanza kumtazama kijana na farasi wake. Mzazi mwenye hofu huona uzio mbovu haraka kuliko mwenye shauku.

Ila hilo linaweza kusubiri wiki. Kwa babu mpigie leo jioni. Mwambie mjukuu wake atamsaidia kuongoza punda na kumnywesha maji, na kupanda, mtoto atapanda pale tu babu mwenyewe akiwa ameshika kamba, kofia kichwani, kwenye tambarare. Asipande punda mwenye madumu. Na asishuke naye korongoni, kwani pale punda anapoinamisha kichwa kuteremka, mtoto mdogo asiye na tandiko huteleza shingoni na kutua mbele ya kwato.